Ibn Sina na Msichana Aliyeogopewa Kuzaa

Katika majina ya wataalamu wa Kiislamu ambayo sisi watu wa pwani huyataja sana bila ya kuwajua wenyewe, jina la Ibn Sina ni la mbele. Katika miji mingi ya Waislamu hospitali zimeitwa kwa jina lake, na mzee akitaka kumsifu tabibu hodari humfananisha naye. Lakini ukiuliza mtu huyu alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, na aliandika nini hasa, wengi watanyamaza. Leo, msomaji wangu, kwa idhini yako nataka nimueleze tangu kuzaliwa kwake hata kufa kwake, na katikati ya safari hiyo tusimame kidogo mbele ya mlango mmoja wa kitabu chake kikubwa. Mlango huo hausomwi hadharani kwa sababu ya haya, nao una jambo linalotuhusu sana sisi tulio na mabinti.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Abu Ali al-Husein bin Abdillahi bin Sina, na Wazungu walilipinda jina hilo wakamwita Avicenna. Alizaliwa mwaka wa 370 wa Hijra, ndio mwaka wa 980 wa Miladia, na yasemekana ulikuwa mwezi wa Safar, yaani Mfunguo Tano kwa hesabu yetu. Alizaliwa katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Babake, Abdillahi, asili yake ni Balkh, naye alikuwa na kazi ya serikali chini ya wafalme wa Kisamani. Mamake aliitwa Sitara, mwenyeji wa Afshana hapo hapo.

Mtoto alipokuwa bado mdogo wazazi wake walihamia Bukhara, mji uliokuwa umejaa maulamaa, misikiti na maduka ya vitabu. Alitiwa chuoni kama tulivyotiwa sisi, na alipotimiza miaka 10 alikuwa amekwisha hifadhi Kurani nzima na mambo mengi ya lugha ya Kiarabu. Hesabu za Kihindi, yaani tarakimu hizi tuzitumiazo sokoni mpaka leo, alifundishwa na muuza mboga. Babake hakuona aibu kumpeleka mwanawe kwa mtu wa sokoni maadamu mtu huyo alikuwa na elimu. Fikihi aliisoma kwa Sheikh Ismail az-Zahid. Kisha akaja Bukhara mwalimu mmoja jina lake an-Natili, akakaribishwa kuishi nyumbani kwao, akamfunza mantiki na jometri ya Wayunani. Haukupita muda mrefu mwanafunzi akawa ndiye anayemfafanulia mwalimu.

Alipofika kwenye tiba aliona kwamba si katika elimu zilizo ngumu. Alipokuwa na miaka 16 matabibu watu wazima walikuwa wakija kusoma kwake, na yeye mwenyewe alikuwa akiwatazama wagonjwa na kujifunza kwao mambo ambayo hayamo vitabuni. Usiku alikuwa hazimi taa. Likimshinda jambo huenda msikitini akasali na kuomba mpaka limfungukie. Na kwa kuwa tunaeleza maisha ya mtu na si ya malaika, yafaa isemwe pia kwamba ameandika mwenyewe kuwa usiku uchovu ukimwelemea alikunywa kinywaji ambacho dini imekiharamisha. Hatumsifu kwa hilo, lakini hatuifuti elimu yake kwa ajili ya hilo.

Kuna kisa chake kimoja ambacho kila mwanafunzi angepaswa kukijua. Kitabu cha Aristoteli juu ya mambo yaliyo nyuma ya maumbile alikisoma mara 40, akakihifadhi kwa moyo, na bado asikifahamu. Akakata tamaa. Siku moja alasiri alipita kwenye soko la vitabu, dalali akamshikilia anunue kitabu kwa bei rahisi, dirhamu tatu tu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na haja ya pesa. Alikinunua shingo upande. Kumbe kilikuwa ni maelezo ya al-Farabi juu ya kitabu kile kile kilichomsumbua. Alikwenda nyumbani mbio, akakisoma, na yote yakamfunguka. Kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mungu.

Wakati huo mfalme wa Bukhara, Nuh bin Mansur, aliugua ugonjwa uliowashinda matabibu wake. Waliposhindwa wakamtaja kijana huyu, naye akaitwa, akashirikiana nao katika matibabu. Ujira alioutaka haukuwa dhahabu. Aliomba ruhusa ya kuingia katika hazina ya vitabu ya mfalme, akakuta chumba baada ya chumba, na kila chumba kina masanduku ya vitabu vya fani yake. Alipotimiza miaka 18 alikuwa ameyamaliza aliyoyataka humo.

KUTANGATANGA KWAKE

Raha ya Bukhara haikudumu. Babake alikufa Ibn Sina akiwa na miaka 22 hivi, na ufalme wa Kisamani ulikuwa umekwisha vunjika mwaka wa 999. Kijana akafunga mizigo. Alikwenda kwanza Gurganj katika nchi ya Khwarazm, kisha akazunguka mji hata mji kumtafuta mtawala anayethamini elimu, mpaka akafika Jurjan karibu na Bahari ya Kaspi. Mtawala aliyemkusudia, Qabus, alimkuta amekwisha pinduliwa na kufungwa, na huko huko kifungoni akafa.

Lakini Jurjan alipata kitu bora kuliko mfalme. Alipata mwanafunzi, Abu Ubaid al-Juzjani, ambaye hakuachana naye tena mpaka kufa. Ni huyu aliyeandika habari za maisha yake, na bila ya yeye tusingelijua nusu ya haya tunayoyaeleza. Na ni huko Jurjan ndiko alikoanza kuandika kitabu chake cha tiba.

Kutoka Jurjan alikwenda Rayy, mji ulio karibu na Tehran ya leo, na kutoka Rayy akaenda Hamadan. Huko alimtibu amiri wa mji, Shams al-Dawla, aliyekuwa na msokoto mkali wa tumbo, naye amiri akamfanya waziri wake. Askari hawakumpenda. Waliizunguka nyumba yake, wakapora kila kilichokuwamo, wakamtaka amiri amuue. Amiri alikataa, akamwondoa kazini tu. Ibn Sina alijificha siku 40 katika nyumba ya rafiki. Mara tumbo la amiri likarudi kumsokota, tabibu akatafutwa, akaombwa radhi, na uwaziri ukamrudia.

Ndipo zilipoanza zile siku ambazo al-Juzjani amezieleza kwa mapenzi. Mchana kutwa mwalimu alikuwa katika shughuli za serikali, na usiku wanafunzi hukusanyika nyumbani kwake. Mmoja husoma katika kitabu cha hekima kiitwacho ash-Shifaa, na mwingine akishika zamu husoma katika kitabu cha tiba. Mwaka wa 1021 Shams al-Dawla alikufa. Ibn Sina hakutaka kumtumikia mrithi wake, akashukiwa kwamba anaandikiana barua kwa siri na mtawala wa Isfahan, akatiwa gerezani katika ngome ya Fardajan miezi minne. Humo gerezani pia aliandika. Baadaye alitoroka Hamadan amevaa mavazi ya masufii, yeye na al-Juzjani na nduguye na watumwa wawili, wakafika Isfahan, ambako Ala al-Dawla alimpokea kwa heshima kubwa. Huko alipata utulivu wa miaka, ijapokuwa vita havikuwa mbali.

KITABU CHAKE

Kitabu cha tiba nilichokitaja ndicho al-Qanun fi al-Tibb, yaani Kanuni ya Tiba. Kina juzuu tano. Ya kwanza ni ya misingi, ya pili ya dawa moja moja, ya tatu ya maradhi ya kila kiungo tangu kichwani hata nyayoni, ya nne ya maradhi yanayoshika mwili mzima kama homa, na ya tano ya dawa za kuchanganya. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri kwa Kilatini katika mji wa Toledo huko Hispania, na vyuo vikuu vya Ulaya vilikitumia mpaka karne ya 17. Mwaka wa 1593 kilipigwa chapa kwa Kiarabu katika mji wa Roma.

Nasi hatuko mbali nacho. Bibi zetu waliposema chakula hiki ni cha moto na kile ni cha baridi, na mgonjwa huyu amezidiwa na yabisi apewe cha kumlainisha, walikuwa wakisema lugha ya tiba ile ya Wayunani ambayo Waislamu waliisafisha na kuieneza, na Kanuni ni kitabu chake kikubwa. Elimu hiyo ilikuja na majahazi, ikaingia jikoni mwetu, ikakaa.

MLANGO WA WANAWAKE

Sasa tufike mlangoni. Katika juzuu ya tatu, anapoeleza maradhi ya tumbo la uzazi, Ibn Sina ameweka maneno juu ya kuzuia mimba. Hakuanza na dawa. Alianza na sababu, akaeleza ni nani tabibu anaweza kuhitajiwa amzuilie mimba. Wa kwanza katika hesabu yake si mama wa watoto kumi aliyechoka. Wa kwanza ni msichana mdogo ambaye kuzaa kwake kunaogopewa. Kisha akataja mwanamke mwenye ugonjwa katika tumbo la uzazi, na mwanamke ambaye kibofu chake ni dhaifu. Na juu ya huyu wa mwisho akaeleza kwamba uzito wa mtoto tumboni waweza kukipasua kibofu, mkojo ukawa unamtoka asiweze kuuzuia maisha yake yote.

Niliposoma maneno hayo nilikifunga kitabu nikakaa kimya, kwa sababu mtu huyo nilimjua.

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, katika mtaa wetu palikuwa na msichana aliyetutangulia kwa miaka michache tu. Alikuwa na sauti nzuri, na mwalimu akimtaka asome ili sisi wadogo tumfuate. Akaozwa kabla kifua chake hakijajaa. Alipofikwa na uchungu alikaa nao nyumbani siku tatu, na mtoto akazaliwa amekwisha kufa. Baada ya hapo hakuonekana tena barazani. Alikaa ua wa nyuma juu ya jamvi, akishona kofia, na mkojo ukimtiririka usiku na mchana. Mume alimrudisha kwao. Watu wazima walisema ameingiliwa na shetani, wakafukiza ubani, na sisi watoto tulipopita tukiziba pua na kucheka. Mungu atusamehe. Miaka mingi baadaye alipata kupasuliwa, akapona, lakini ujana wake ulikuwa umekwisha pita ukutani pale.

Basi, yule tabibu wa Bukhara aliyekufa miaka elfu iliyopita alikuwa amemjua kuliko tulivyomjua sisi majirani zake. Elimu ya leo imemsahihisha kidogo tu. Si uzito wa mtoto peke yake unaoharibu kibofu. Ni kwamba nyonga za msichana bado hazijatanuka, kichwa cha mtoto hukwama, kikakibana kibofu na mfupa kwa siku nzima au siku mbili, mpaka nyama iliyobanwa inakufa na kuacha tundu. Madaktari wanauita ugonjwa huo fistula. Mara nyingi hushoneka ukapona. Lakini ni heri nyingi zaidi usiwepo, na Ibn Sina alikuwa amekwisha onyesha njia ya kwanza ya kuuepuka kwa mtoto wa kike: asishike mimba kabla ya wakati wake.

Na dawa alizoziandika ni zipi? Hapa lazima tuseme kweli. Aliandika juu ya lami ya mti, nyama ya komamanga kwa shabu, pilipili, na vinginevyo vya kutiwa mwilini. Na akaeleza kwamba mwanamke baada ya kuingiliwa ainuke aruke kinyumenyume mara saba mpaka mara tisa. Mambo hayo yasijaribiwe na mtu leo. Mengine hayafai kitu, na mengine yaunguza. Alijua haja, lakini hakuwa na chombo cha kuitimiza. Tena chombo alichokosa kilikuwa cha namna mahsusi. Alisema msichana mdogo, na mdogo hukua. Mimi nafahamu kutokana na neno hilo kwamba aliyehitaji kinga kwa hofu ya udogo wake atakuja kuwa mkubwa, atataka watoto, na Inshallah atawapata. Kwa hivyo kinga yake yataka iwe kama komeo la mlango, lenye kukaa miaka bila ya kumtegemea mtu kukumbuka kila usiku, na likitakiwa lifunguliwe lifunguke.

IMAMU ALIYEMPINGA

Pengine msomaji atasema: huyo alikuwa mwanafalsafa, na maulamaa walimkataa. Ni kweli. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka wa 1111, aliandika kitabu kizima cha kuwapinga wanafalsafa, na shabaha yake kubwa ilikuwa Ibn Sina. Katika mambo matatu alisema wametoka nje ya Uislamu. Hakuna mtu aliyempiga Ibn Sina kwa kalamu kuliko yeye.

Lakini Ghazali huyo huyo, katika Ihyaa, penye adabu za ndoa, alilitazama suala la azli, yaani mume kujizuia ili mimba isishike, akasema inajuzu. Katika nia alizozikubali kwa mtu kufanya hivyo alitaja kumhifadhi mke asihatarishwe maisha yake na uchungu wa uzazi. Na msingi wa wanazuoni walioruhusu ni habari mashuhuri zilizopokewa katika Bukhari na Muslim, kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli zama za Mtume, na Kurani ikiteremka, wala hawakukatazwa. Wako pia walioikataza, kama Ibn Hazm wa Andalusia, na hatuwafichi. Ila sisi wa pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafii, na Ghazali ni imamu wetu. Watu wawili ambao hawakuafikiana juu ya mbingu na ardhi waliafikiana kwamba maisha ya mwanamke katika uzazi ni jambo la kuhifadhiwa.

Nasema hapa juu ya kuzuia mimba isishike. Mimba iliyokwisha shika ni mlango mwingine, na maneno yake ni mengine.

CHOMBO KILICHOPATIKANA

Kabla sijamfikisha tabibu wetu kaburini, ni haki yake tueleze kilichotokea kwa haja aliyoiandika. Katika miaka ya 1920 daktari Ernst Gräfenberg huko Berlin alitengeneza pete ndogo ya kutiwa katika tumbo la uzazi. Baadaye zikaja za plastiki, kisha za shaba, ndizo tuziitazo koili. Ya shaba yaweza kukaa miaka 10 au zaidi. Mwaka wa 1983 nchi ya Finland ilikuwa ya kwanza kuruhusu vijiti vinavyotiwa chini ya ngozi ya mkono wa juu. Wakati huo vilikuwa sita, na leo ni kimoja au viwili, vyenye kukinga miaka mitatu mpaka mitano kwa jinsi vilivyo. Kwa vitu hivi, katika wanawake 100 hapati mimba hata mmoja kwa mwaka. Na likitakiwa jambo, muuguzi huvitoa, na uwezo wa kushika mimba hurudi.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba udogo wa umri peke yake si sababu ya kumnyima msichana vitu hivi. Linakisia kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha wastani wasichana wa miaka 15 hadi 19 wapatao milioni 21 hushika mimba kila mwaka, na nusu yao bila ya kukusudia. Hapa Kenya uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa umri huo, 15 walikuwa wamekwisha zaa au kushika mimba. Mwaka wa 2014 walikuwa 18. Kupungua kumekuwapo, lakini hao 15 ni watoto wa watu.

Si vitu visivyo na taabu. Kijiti huvuruga siku za mwezi. Mwingine damu humjia ovyo ovyo na mwingine hukatika. Koili ya shaba huweza kuzidisha damu na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Kwa binti wa Kiislamu hili lina mas'ala yake ya sala na saumu, ipi ni hedhi na ipi ni istihadha, na yafaa aulize kwa mwanamke mwenye elimu badala ya kukaa na wasiwasi. Tena havikingi maradhi ya zinaa wala ukimwi. Haya yote muuguzi hana budi kuyasema, na msichana hana budi kuyasikia kabla ya kukubali, kwa kuwa mwili ni wake.

Najua neno litakalonijia. Nitaambiwa kwamba kuzungumza hivi ni kuwafungulia watoto mlango wa maasia, na mwingine ataambiwa na nafsi yake kwamba sasa yafaa kuwaoza wadogo maadamu kijiti kipo. Wote wawili sikuwakusudia. Sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka wa 2014 imeweka miaka 18, na kinga bora ya msichana mdogo ni aachwe akue na asome. Malezi na mafunzo ya dini ni kazi yetu wazazi, na hakuna kijiti kitakachotufanyia. Lakini yuko aliyekwisha olewa, yuko aliyekwisha zaa mara moja na yu katika hatari ya kuzaa tena mwakani, na yuko aliyekosea au aliyekosewa. Kibofu hakiulizi cheti cha ndoa. Makosa yana mahali pake pa kuhukumiwa. Ua wa nyuma na jamvi lililolowa si hukumu aliyoiweka Mungu wala Mtume wake.

KUFA KWAKE

Ibn Sina hakuishi miaka mingi. Al-Juzjani hakuficha kwamba mwalimu wake alipenda ladha za dunia na hakuuhurumia mwili wake. Ule msokoto wa tumbo aliouponya kwa amiri ukamshika yeye. Alikuwa safarini na jeshi la Ala al-Dawla, akajitibu kwa haraka kuliko inavyofaa ili asiachwe nyuma. Dawa aliyoiagiza kwa kipimo kidogo ikatiwa nyingi, akazidi kudhoofika. Alipata nafuu, akaugua tena, na msafara ulipoelekea Hamadan alijua kwamba nguvu zilizokuwa zikiuendesha mwili wake zimekwisha. Aliacha kujitibu.

Alitubia kwa Mola wake, akatoa mali yake sadaka kwa maskini, akawarudishia haki wale aliowadhulumu, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akihitimisha Kurani kila siku tatu, ile Kurani aliyoihifadhi akiwa na miaka 10. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Alikufa mwezi wa Ramadhani mwaka wa 428 wa Hijra, ndio 1037 wa Miladia, umri wake miaka 58 kwa hesabu ya mwezi. Alizikwa Hamadan, mji ule ule uliompa uwaziri na gereza, na katika miaka ya 1950 kaburi lake lilijengewa mnara ambao wageni huenda kuuzuru.

Hatukupata habari kwamba alioa wala kwamba aliacha mtoto. Hata hivyo katika maelfu ya kurasa alizoziandika juu ya mbingu na nafsi na homa, alipata nafasi ya kumkumbuka mtoto wa mtu mwingine, msichana mdogo asiyekuwa na jina, ambaye mwili wake haujawa tayari. Alimweka wa kwanza katika hesabu. Sisi tulioletewa chombo ambacho yeye alikikosa, na tunaoona haya hata kulitaja jambo lenyewe mbele ya mabinti zetu, yafaa tujiulize tumemweka wa ngapi.